Kuonja eli kali ya matunda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bia kali zinazopikwa na matunda halisi katika viwanda vidogo vya bia. Mifano mingi imetoka Dogfish Head ya jimbo la Delaware, Marekani, kwa sababu kiwanda hicho kimefanya kazi hii kwa muda mrefu na kwa matunda ya kila namna. Aliye chini ya umri unaoruhusiwa kunywa pombe mahali alipo (miaka 18 Kenya na Tanzania, 21 Marekani), mjamzito, na yeyote atakayeshika usukani leo, aache kuonja.

Eli kali ya matunda ni nini hasa?

Eli ni bia inayochachushwa kwa hamira inayopenda joto la wastani, takriban nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Laga, yaani bia nyingi tunazozijua madukani, huchachushwa kwenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13 na kulazwa wiki kadhaa. Tofauti hiyo ya joto ina uzito, kwa kuwa hamira ya eli hutoa yenyewe harufu za ndizi, tufaha au peasi hata kama hakuna tunda lililotiwa.

Neno “kali” hapa linahusu kilevi. Hakuna mstari mmoja unaokubaliwa na wote, ila bia ikivuka asilimia 7 au 8 wapishi wengi huiita kali. Tusker ina asilimia 4.2. Eli tunazozizungumzia hapa zinaanzia 8 na nyingine hufika 18.

Kwa nini Dogfish Head?

Sam Calagione alikifungua kiwanda hicho mwaka 1995 katika mji wa Rehoboth Beach, kikiwa mgahawa unaojipikia bia. Kiwanda kikubwa kiko Milton, jimbo lilelile, na mwaka 2019 kampuni iliungana na Boston Beer, kampuni nyingine ya bia. Bia zake nne zinafaa kama darasa. Raison D’Être, asilimia 8, ni eli ya kahawia yenye zabibu kavu na sukari ya kiazisukari. Midas Touch, asilimia 9, ina asali, zabibu za aina iitwayo maskati na zafarani. Mapishi yake yalitokana na masalia yaliyokutwa kwenye vyombo vya kaburi la kale huko Gordion, Uturuki, la miaka ya 700 hivi kabla ya Kristo, ambayo Patrick McGovern wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliyachunguza. Black & Blue, asilimia 10, ni eli ya rangi ya dhahabu iliyochachushwa pamoja na rasiberi nyeusi na bluberi. Halafu kuna Fort, kati ya asilimia 15 na 18, inayopikwa kwa zaidi ya tani moja ya rojo la rasiberi.

Baadhi ya bia hizi hutolewa kwa vipindi tu, kwa hiyo usishangae ukizikosa dukani. Kila kitu kinachofuata kinafaa kwa eli yoyote ya aina hii, iwe imepikwa Ubelgiji, Oregon au Nairobi.

Tunda huingia wakati gani, na mbona bia haina utamu wa juisi?

Hili ndilo swali linalofungua mengine yote, kwa hiyo tulijibu kwa kirefu.

Wapishi wengi hawalitii tunda kwenye sufuria ya kuchemshia. Likichemka, harufu zake nyepesi huondoka na mvuke, na pektini, ile inayogandisha jemu, huiondolea bia uangavu ambao haurudi kirahisi. Kwa hiyo hamira huachwa kwanza imalize sehemu kubwa ya sukari ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa. Ndipo rojo la tunda, ambalo limeshapashwa moto kuua vijidudu, humiminwa kwenye tangi. Uchachushaji huamka upya kwa siku kadhaa, kisha bia hukaa juu ya tunda kwa wiki moja hadi tatu kabla ya kuchujwa.

Katika kipindi hicho hamira hula karibu sukari yote ya tunda, kwa sababu glukosi na fruktosi ni chakula rahisi kwake. Kinachobaki ni asidi, rangi, harufu, na ukakasi wa maganda na mbegu. Utamu wowote utakaousikia kwenye glasi ni wa kimea, ile sehemu ya sukari ambayo hamira haiwezi kuivunja. Anayeonja kwa mara ya kwanza hutafuta juisi, hukuta kitu kikavu chenye uchachu, na huamua kwamba bia imeharibika. Haijaharibika. Rasiberi iliyoondolewa sukari huonja hivyo: kali, ya kuchangamsha, yenye harufu inayokaribia maua.

Kiasi cha tunda hutegemea tunda lenyewe. Rasiberi gramu 100 hadi 200 kwa lita ya bia husikika wazi. Pasheni ina nguvu zaidi, gramu 50 hadi 100 za nyama yake zinatosha. Embe husumbua wapishi wengi: hata gramu 200 hadi 300 kwa lita huweza kupotea kabisa, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya embe ni utamu, na utamu huo umeshaliwa. Ukiona bia ya embe yenye utamu mwingi wa embe, jua kwamba ama uchachushaji ulisimamishwa, ama ladha iliongezwa mwishoni.

Tunda huongeza kilevi?

Wengi huamini hivyo. Kwa bia kali, mara nyingi ni kinyume chake.

Chukua lita moja ya eli ya asilimia 9. Ndani yake mna mililita 90 za kilevi halisi. Ongeza gramu 200 za bluberi, tunda lenye sukari kama asilimia 10. Sukari hiyo ni gramu 20, na hamira itaigeuza kuwa mililita 13 hivi za kilevi. Lakini tunda limeleta pia maji yapatayo mililita 170. Sasa una mililita 103 za kilevi katika lita 1.18 hivi, yaani karibu asilimia 8.7. Bia imeshuka. Ndiyo maana mpishi anayetaka eli kali ya matunda huanza na bia iliyo kali kupita lengo lake.

Basi Fort hufikaje 15 au zaidi?

Hamira nyingi za eli huanza kuchoka kilevi kikifika asilimia 8 hadi 12, kwa sababu kilevi chenyewe ni sumu kwake. Ili kuvuka hapo mpishi huhitaji aina ya hamira inayostahimili, huitia kwa wingi, huipa oksijeni ya kutosha mwanzoni pamoja na virutubishi, kisha huongeza sukari kidogo kidogo kwa siku kadhaa badala ya kuimwaga yote mara moja. Sukari nyingi kwa mpigo hunyonya maji kutoka kwenye chembe za hamira na kuzidhoofisha. Tangi likiachwa lipate joto kupita kiasi, hamira hutoa pombe nzito zenye harufu ya kiondoa rangi ya kucha, na kasoro hiyo huisikia mnywaji kooni kama moto.

Nitumie glasi gani?

Yenye tumbo pana na mdomo uliobana: ya brandi, au ya mvinyo mwekundu kama huna nyingine. Tumbo hukupa nafasi ya kuzungusha bia, na mdomo hukusanya harufu. Jaza theluthi moja tu, mililita 100 hadi 150. Kopo au chupa havifai, kwa sababu pua inabaki nje ya kazi.

Usafi wa glasi una uzito kuliko umbo lake. Mabaki ya mafuta au sabuni huua povu na kufunika harufu. Osha kwa sabuni ya maji isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza sana, kausha kwa kuipindua juu ya waya, usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Kuipima ni rahisi: lowesha ndani kwa maji safi. Yakitandaa kama pazia moja, glasi ni safi. Yakikatika na kuacha matone, bado ina mafuta.

Joto sahihi ni lipi?

Kwa eli ya asilimia 8 hadi 10, nyuzi 10 hadi 13. Kwa ya 15 na kuendelea, unaweza kupanda hadi 15 au 16. Kwenye nyuzi 4 za friji harufu nyingi za tunda hazipai kabisa, utamu wa kimea hujificha, na uchungu pamoja na ukakasi husimama peke yake. Utadhani bia ni nyembamba na chungu, kumbe imefungwa na baridi. Ikivuka 20, kilevi hutawala na kila kitu kingine hukaa nyuma yake.

Chupa ya mililita 355 iliyotoka friji huhitaji kama dakika 20 mezani Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 30, na dakika 35 hadi 40 kwenye chumba cha nyuzi 20, tuseme jioni ya Nairobi. Kwenye glasi hupata joto haraka zaidi, kwa hiyo kwa wakazi wa pwani ni bora kumimina ikiwa baridi kidogo kuliko lengo na kuifuata inavyobadilika. Tunapendekeza hivyo hata kwa wa bara: onja mara ya kwanza ikiwa nyuzi 8, tena ikifika 12, tena ikifika 15. Utaonja bia tatu kwa bei ya moja, na utajua mwenyewe unaipenda wapi.

Hatua za kuonja ni zipi?

Kabla ya yote, kwa nusu saa usile pilipili, usinywe kahawa, usivute sigara, usipige mswaki, na usijipake manukato. Weka maji ya kunywa ya kawaida na mkate mweupe usio na siagi.

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha isimamishe mwishoni upate povu la kidole kimoja. Eli ya asilimia 15 huenda isikupe povu lolote la maana, na hiyo si kasoro: kilevi kingi huvunja povu. Nusa papo hapo, kabla ya kuangalia rangi, kwa sababu harufu nyepesi zaidi huondoka katika dakika ya kwanza. Nusa kwa pumzi fupi mbili au tatu, glasi ikiwa chini ya pua kidogo. Ukivuta kwa nguvu, kilevi kitakuchoma na pua itakufa ganzi.

Sasa tazama dhidi ya kitu cheupe. Rangi ya rasiberi na bluberi hutokana na viini ambavyo kwenye asidi huwa vyekundu na hewa ikiviingia hugeuka kahawia. Wekundu hai ni dalili ya bia changa iliyotunzwa vizuri. Ukingo wa kahawia kama tofali husema imezeeka. Kanuni hii haifai kwa Raison D’Être, ambayo ni ya kahawia tangu kuzaliwa.

Zungusha glasi taratibu, nusa tena. Hapo ndipo kimea hutokea nyuma ya tunda: karameli, ganda la mkate, asali. Kunywa kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Kiache kigusane na ulimi wote na ufizi, kimeze, kisha toa pumzi kupitia puani huku mdomo umefungwa. Sehemu kubwa ya tunachoita ladha husikika hapo, kwenye pumzi inayotoka. Mtu akikuambia bia ya rasiberi “haina tunda”, mwombe kwanza afanye hivi.

Usihukumu kwa funda la kwanza. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo kilevi na asidi. La pili ndilo la kuandikia. Jiulize mambo matatu: tunda, kimea na kilevi vinasikika vyote, au kimoja kimevifunika vingine? Uchachu unakata utamu, au umebaki peke yake? Baada ya sekunde 30 nini bado kiko mdomoni? Kwenye eli nzuri hubaki tunda na joto dogo kifuani. Kwenye mbaya hubaki utamu wa pipi, au moto wa koo.

Kila bia nitarajie nini?

Raison D’Être hutoa zabibu kavu, tende, karameli. Sukari ya kiazisukari huchachuka yote, haiachi utamu, kwa hiyo bia ni nyepesi mdomoni kuliko rangi yake inavyotisha. Black & Blue huanza na tunda na kuishia kwenye viungo vyepesi vya hamira ya Kibelgiji; rasiberi nyeusi husikika kuliko bluberi, jambo la kawaida, maana bluberi ni tunda lenye harufu ya upole. Midas Touch iko katikati ya bia, mvinyo na pombe ya asali, na zafarani hutokea mwishoni, kavu na ya majani. Fort ni ya kunywa polepole baada ya chakula: rasiberi iliyoiva sana, joto la kilevi lisilofichika, uzito unaokaribia Porto, mvinyo mtamu na mkali wa Ureno. Atakayeifungua saa ya jua kali akitaka kukata kiu atakuwa amechagua vibaya.

Bia ina harufu ya ajabu. Ni kasoro au ni mtindo?

Kwanza ondoa yale yasiyo kasoro. Bia ya cheri yenye harufu ya lozi ni sawa, inatokana na kokwa. Uchachu wa wastani ni wa tunda. Ukakasi kidogo wa mbegu za rasiberi pia ni wa kawaida, ukizidi hadi mdomo ukakauka kama umekula bibo, tunda lilikaa muda mrefu mno ndani ya tangi.

Siki ni suala jingine. Ikichoma pua, bakteria wa asetiki wameingia pamoja na hewa, na hakuna dawa. Harufu ya siagi au bisi zenye siagi hutokana na dayasetili, ambayo hamira yenye afya huisafisha yenyewe ikipewa siku chache zaidi. Ikibaki, mpishi aliharakisha. Tufaha bichi kwenye bia isiyo ya tufaha ni asetaldehaidi, nayo pia ni ishara ya haraka, ingawa katika eli kali huweza kutokea kwa hamira iliyochoka. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutoka kwenye maji ya kimea ambayo hayakuchemshwa vya kutosha. Karatasi au boksi lililoloa ni oksijeni, na huyo ndiye adui mkubwa wa bia hizi: husafiri mbali, hukaa stoo zenye joto, na tunda ndilo huumia mwanzo. Rasiberi hugeuka kwanza kuwa jemu, kisha zabibu kavu, kisha hakuna kitu.

Harufu ya kicheche, ile kali inayokaribia mpira ulioungua, ni ya mwanga. Miale huvunja viini vichungu vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kutengeneza kiini cha salfa ambacho pua hukitambua kwa kiasi kidogo mno. Chupa ya kahawia hukinga sana, ya kijani kidogo, isiyo na rangi haikingi. Usinunue chupa iliyowekwa kwenye rafu ya dirishani.

Nitajuaje kama ni tunda halisi au ladha ya kutengenezwa?

Soma lebo. “Imepikwa kwa rasiberi”, “rojo la rasiberi” na “juisi ya rasiberi” ni kauli za tunda. “Ladha ya rasiberi” peke yake ni shira au kiini cha chupa. Mdomoni, tunda halisi lina sura zaidi ya moja: asidi, ukakasi, harufu inayobadilika bia ikipata joto. Kiini huja chote mara moja, kinafanana kuanzia funda la kwanza hadi la mwisho, na mara nyingi hufuatana na utamu usio na uchachu. Kipimo bora ni glasi tupu. Iache dakika kumi kisha uinuse: tunda huacha harufu ya kimea na mbegu, kiini huacha pipi.

Niihifadhi vipi, na kwa muda gani?

Isimame wima, gizani, kwenye nyuzi 10 hadi 13. Friji ni bora kuliko kabati la jiko lenye nyuzi 28. Kuhusu muda, watu hukosea kwa sababu wamesikia bia kali huzeeka vizuri. Kimea na kilevi huzeeka vizuri. Tunda halizeeki vizuri. Black & Blue inywe ndani ya miezi sita tangu kufungwa, ukitaka rasiberi. Raison D’Être huvumilia zaidi, maana zabibu kavu na harufu za uzee ni ndugu. Fort inaweza kukaa miaka miwili mitatu, lakini itakuwa bia nyingine, yenye ukaribu zaidi na mvinyo mtamu. Kama una uwezo, nunua mbili: moja uinywe sasa, ya pili iandikie tarehe.

Nimefungua ikafurika povu hadi nusu ikamwagika. Kwa nini?

Mara nyingi ni sukari ya tunda iliyoendelea kuchachuka ndani ya chupa, aidha kwa sababu bia ilifungwa mapema, au hamira mwitu iliingia na rojo ambalo halikupashwa moto. Joto la usafiri huongeza kasi. Chupa ikiwa na kizibo kilichovimba, ifunike kwa taulo nene, iweke friji kwa siku nzima, kisha ifungulie kwenye sinki kwa kuachia gesi kidogo kidogo. Usiitikise, usiielekeze usoni. Chupa inayopasuka ni hatari ya kweli kwa macho. Ikiwa bia ya kundi hilohilo imefurika zaidi ya mara moja, mjulishe muuzaji na usihifadhi zilizobaki kwenye joto.

Chupa moja inalevya kiasi gani?

Zidisha ujazo kwa asilimia. Chupa ya mililita 355 ya asilimia 18 ina karibu mililita 64 za kilevi halisi. Tusker ya nusu lita ina 21. Kwa hiyo chupa hiyo ndogo ni sawa na Tusker tatu kubwa, na mwili wa mtu mzima huhitaji saa sita au zaidi kuimaliza. Tunda na ubaridi huficha ukali, hapo ndipo watu hunaswa.

Igawaneni watu wanne. Mililita 90 kwa kila mmoja zinatosha kabisa kuonja mara tatu. Kunywa maji kwa kiasi kisichopungua cha bia. Wanaotumia dawa, hasa metronidazo, wasionje.

Nikiwa na bia kadhaa, nianze na ipi?

Kilevi kidogo kwanza, kingi mwisho. Kavu kabla ya tamu. Yenye uchachu mkali iwekwe nyuma ya zisizo nao. Zisizidi nne kwa kikao. Pua ikichoka, nusa mkono wako wa shati au maji, na upumzike dakika mbili.

Inakwenda na chakula gani?

Rasiberi na chokoleti chungu ya asilimia 70 ni ndoa ya uhakika, kwa sababu asidi hukata mafuta na kilevi huyeyusha chokoleti mdomoni. Jibini la mbuzi linafaa na Black & Blue. Raison D’Être ipe nyama choma, bata, au ubavu wa mbuzi uliopata rangi motoni. Pilau yenye mdalasini na iliki inaelewana na Midas Touch vizuri kuliko unavyotarajia. Epuka pilipili kichaa: kilevi hushusha kiwango ambacho ulimi huanza kuhisi moto, na bia ya asilimia 15 itakufanya ujute.

Mbege na urwagwa si eli za matunda pia?

Ni bia za matunda, na za zamani kuliko viwanda vyote vilivyotajwa hapa. Ila tunda lina kazi tofauti. Kwenye mbege ya Wachaga ndizi mbivu hupikwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, na uchungu hutoka kwenye gome la msesewe badala ya hopsi. Urwagwa ya Rwanda na Burundi ni maji ya ndizi yaliyochachushwa pamoja na mtama. Huko ndizi ndiyo sukari yenyewe ya pombe; kwenye Black & Blue sukari kubwa ni ya shayiri, na tunda limekuja kwa harufu, asidi na rangi. Mbege hunywewa ikiwa bado inachacha, ndani ya siku chache. Aliyezoea mbege ana faida moja anapoonja eli ya matunda: uchachu na mashapo havimtishi, na ataelewa haraka kwamba ukavu si kasoro.

Majaji huzipa alama vipi?

Mfumo unaotumika zaidi mashindanoni ni wa BJCP, shirika la Marekani la majaji wa bia lililoanza mwaka 1985. Alama ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Katika bia ya matunda jaji huuliza pia kama bia ya msingi bado inatambulika chini ya tunda. Tunakubaliana na kipimo hicho. Bia ambayo ungeweza kuibadilisha kwa juisi iliyotiwa pombe, na mnywaji asigundue, haijapikwa vizuri hata ikiwa tamu.

Naweza kutia barafu au soda?

Barafu hapana, itaua harufu na kuongeza maji. Soda ukitia umetengeneza kinywaji kingine.

Naweza kubeba chupa kutoka Marekani kwa ndege?

Kanuni za usalama wa anga haziweki kikomo cha ujazo kwa kinywaji cha asilimia 24 au chini kikiwa kwenye mzigo wa kupakiwa. Kikomo ni cha forodha ya nchi unayoingia, na baadhi ya nchi, Kuwait ikiwemo, haziruhusu pombe kabisa, kwa hiyo angalia pia utakapobadilishia ndege. Funga kizibo kwa utepe wa umeme, visha kila chupa soksi nene, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, iweke katikati ya nguo isiguse ukingo wa sanduku. Ukifika, iache friji siku tatu ikiwa wima ili mashapo yatulie.

Nusu imebaki. Itafaa kesho?

Ukiifunga vizuri na kuirudisha friji, ndiyo, kwa siku moja. Gesi itapungua na tunda litafifia kidogo. Baada ya hapo ipeleke jikoni: chemsha mililita 150 za Fort au Black & Blue na vijiko viwili vya sukari kwa moto mdogo hadi zibaki kama theluthi, umwagie juu ya aiskrimu au keki ya chokoleti. Usichemshe zaidi, maana uchungu wa hopsi haupai na mvuke, nao hujikusanya kadiri maji yanavyopungua.